Nani Amechinja?

Kikombe chenyewe hakina thamani. Ni cha bati, cha kijani, kimebanduka rangi mdomoni, na mkono wake umefungwa waya baada ya kulegea. Ndugu wa ukoo walipokaa kugawana vitu vya baba baada ya mazishi, hakuna aliyekitazama mara mbili, nami nikakitia kwenye mkoba kabla mtu hajakigeuza cha kunyweshea kuku. Sasa kiko jikoni kwangu. Juzi jioni nilikimiminia chai ya maziwa, na mvuke uliponipanda puani nikasikia harufu ya moshi wa kuni, ya nyasi mbichi, na ya mafuta aliyokuwa akipaka mama kichwani. Najua ni upuuzi, bati halitunzi harufu miaka yote hiyo. Lakini nilikaa hapo hadi chai ikapoa, na binti yangu akaja kuniuliza kama naumwa.

Mama ndiye aliyekuwa akikitumia kuchotea maziwa. Tulikaa Werugha, kule juu kwenye milima ya Taita, ambako ukungu huingia nyumbani bila kupiga hodi, na watu huamkia chai kabla hawajaamkiana. Tulikuwa watatu tu, baba, mama na mimi, na wa nne alikuwa ng'ombe. Alikuwa mweusi mwili mzima isipokuwa kichwa, ambacho kilikuwa cheupe hadi shingoni, kwa hiyo mama akamwita Sista, kama watawa waliokuwa wakipita barabarani. Baba alisema si vizuri kumtania Mungu. Mama akamwambia Mungu mwenyewe ndiye aliyemvalisha hivyo, amuulize. Chai yetu yote ilitoka kwa huyo Sista. Kila asubuhi mama alikuja na ndoo, akachota kikombe kimoja kwa kile cha kijani, akamimina kwenye sufuria, na mimi nikakaa karibu na moto kuvizia maziwa yasifurike. Hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yangu duniani, na niliifanya vizuri.

Mama aliugua wakati wa mvua, akafa kabla mvua haijaisha. Sitaeleza zaidi ya hapo kwa sababu sikuelezwa zaidi ya hapo. Ninachokumbuka ni mchungaji kuja mara mbili, kumwekea mkono kichwani na kunong'ona kwa muda mrefu macho yamefumbwa, na watu wazima kuitikia amina. Ninakumbuka pia kwamba Sista aliacha kula. Alisimama tu kwenye zizi, nyasi mbele yake, akitazama mlango wa jikoni, na maziwa yakapungua hadi yakawa ya kupaka rangi chai. Nilimwambia baba Sista naye anaumwa.

Siku ya matanga walikuja watu wengi, wengine kutoka Voi, na miongoni mwao alikuwepo mzee mwenye kofia nyeupe na kanzu aliyoikunja hadi magotini kwa ajili ya matope. Huyo alikuwa Mzee Athumani, fundi cherehani, jirani wa shangazi yangu wa Voi. Wenzangu wa Taita wanajua alikuja kufanya nini. Kwetu ukichinja mnyama wa shughuli kisu hakikabidhiwi mtu wa kanisani kwako. Unamwita Mwislamu achinje, ili kila atakayefika, awe wa dini yoyote, ale bila wasiwasi. Ni adabu ya kawaida kabisa, hata haielezwi. Tatizo ni kwamba mimi nilikuwa na miaka tisa na hakuna aliyenieleza.

Nilimwona baba akimtoa Sista zizini kwa kamba. Alimfuata bila kuvutwa, maana alimzoea. Wakamlaza chini ya mgomba, Mzee Athumani akamgeuza kichwa kwa upole, akamwekea mkono shingoni, akaanza kunong'ona. Moyo wangu ukatulia. Nikasema moyoni, hatimaye kuna mtu ameona kwamba mgonjwa wetu wa pili naye anahitaji kuombewa. Nikafumba macho kama nilivyofundishwa. Mzee aliponyamaza nikaitikia amina kwa sauti, kisha nikafumbua macho.

Mchana nilipewa sahani. Nikatia mnofu mmoja mdomoni, nikautema palepale, mbele ya watu. Mama mmoja wa jirani akagonganisha viganja kwa mshangao. "Jamani! Mtoto gani anatema nyama ya matanga ya mamake? Huyu atatuletea mambo." Wote wakageuka kunitazama. Baba naye akanitazama, akaweka sahani yake chini, akaondoka kwenda nyuma ya nyumba, wala hakurudi hadi wageni walipoanza kuaga. Nilijua nimemtia aibu. Mzee Athumani alikatiwa fungu lake la mchinjaji, akalitia kikapuni na kushuka nalo Voi. Wiki moja baadaye baba alikunja nguo zangu, akanipeleka mwenyewe Voi kwa shangazi, na mimi kwa akili yangu nikajumlisha: nimekataa nyama, nimefukuzwa nyumbani.

Ukweli, kama nilivyokuja kuujua, ni kwamba wazee walikuwa wamemwambia baba kuwa mwanamume peke yake hawezi kulea mtoto wa kike. Lakini wazee hawakuniita kwenye kikao chao.

Shangazi Mshai, dada yake baba, alikuwa na hoteli ndogo ya mabati karibu na reli na nyumba ya kupanga mtaa wa Kaloleni. Alikuwa mwanamke mnene, mwepesi wa miguu na wa maneno, hakujaliwa mtoto, na chai yake ilijulikana. Wafanyakazi wa reli na wa mashamba ya mkonge walianza kuingia alfajiri, wakakaa kwenye mabenchi wakinywa vikombe viwili vitatu kabla ya kuzungumza. Mimi chai ile ilinishinda. Ilikuwa enzi za maziwa ya pakiti ya pembe tatu, mtakumbuka, na hata ikolezwe tangawizi namna gani haikuwa na Sista ndani yake. Kisha joto la Voi, na lile vumbi jekundu lililoingia hadi kwenye meno. Nilikaa kona ya hoteli na sare yangu mpya ya shule, watu wazima wakinipita juu ya kichwa na vikombe, na sikumbuki siku nyingine maishani mwangu nilizokaa katikati ya watu wengi hivyo nikiwa peke yangu kiasi kile.

Siku ya kwanza Shangazi aliponiwekea ugali na nyama, nilikumbuka kile kikapu. Sista alikuwa ng'ombe mkubwa. Fungu la mzee lilikuwa zito. Kwa hesabu yangu nyama ile haikuwa imekwisha, na ilikuwa mtaa huu huu. Nikamtazama Shangazi nikamuuliza, "Nani amechinja?"

Fundi Wafula, mtu wa reli kutoka magharibi aliyekuwa na sauti kubwa kuliko kazi yake, akaweka kikombe mezani. "Mshai, huyu mtoto umemtoa wapi? Sisi kwetu mtoto akikataa hata kuku, tunampeleka hospitali mbio."

"Nimenunua buchari," Shangazi akasema. "Mimi nitajuaje nani amechinja? Kula."

"Basi sitaki."

Na ikawa hivyo kila mara. Sikuwahi kusema sili nyama. Niliuliza tu nani amechinja, na kwa kuwa hakuna aliyeweza kuniapia kwamba si Mzee Athumani, nikala ugali na mchicha. Sikuthubutu kusema jina lake wala jina la Sista, maana ningelia nikimtaja Sista, na nilikuwa nimeamua kwamba mtoto anayelia harudishwi kwao.

Sasa, kwenye hoteli hiyo mahamri yaliletwa kila asubuhi na mke wa Mzee Athumani, Mama Zuleikha. Binti yake huyo Zuleikha alikuwa ameolewa Mombasa na nyumba yao ilikuwa kimya. Siku moja alinikuta nikiuliza swali langu, akasimama na beseni lake kichwani. Mwislamu, akiwa mgeni mahali, huuliza vivyo hivyo: nani amechinja? Mama Zuleikha alisikia mtoto wa Kitaita, mtoto wa kanisani, anauliza swali hilo bila kufundishwa na mtu, na kukataa sahani kwa sababu hiyo. Akashusha beseni polepole.

"Mshai," akasema, "huyu mwana Mungu kamtia kitu moyoni."

"Amemtia ukaidi," Shangazi akajibu, akaenda kukoroga chai.

Kuanzia siku hiyo mahamri mawili yalifungwa kando kwenye karatasi, yangu. Kisha bakuli la mbaazi za nazi. Kisha nikaanza kuitwa uani kwake jioni, baada ya shule. Alinikalisha mkekani, akanisuka nywele ambazo Shangazi hakuwa na muda nazo, akanimiminia chai ya rangi yenye iliki, tamu hadi inanata midomoni. "Kunywa, mwanangu. Sema bismillahi kwanza." Nikasema. Aliponifunika kichwa kwa ushungi wa Zuleikha nikautuliza vizuri mabegani, maana nilitaka kupendeza. Mzee Athumani alikuwa akirudi kutoka kibandani kwake, nami nikimwamkia shikamoo nikitazama ardhi, kwa kuwa sikuweza kutazama mikono yake. "Marahaba, marahaba. Mtoto ana haya," akasema, akafurahi. Kila jioni niliazimia kuwaambia ukweli, na kila jioni nikaona nikiusema, mkeka ule utakunjwa. Ningeanzaje kumwambia mwanamke huyo kwamba swali langu la dini lilikuwa linamkimbia mume wake?

Habari haikukaa uani. Mtaa ulikuwa mdogo na wanywaji chai hawana kazi nyingine ya mdomo. "Mshai," Fundi Wafula akasema asubuhi moja, kwa nguvu ya kutosha benchi zote tatu, "tunasikia siku hizi una mtoto wa madrasa." Watu wakacheka. Shangazi hakucheka. Mama Zuleikha alipofika na beseni, Shangazi alimngoja mlangoni.

"Mama Zuleikha, nakuheshimu sana. Lakini mtoto huyu ni wa ndugu yangu, na amebatizwa."

"Nami nakuheshimu, Mshai. Sikumwita mimi. Mwenyewe ndiye alouliza."

"Ni mtoto! Anauliza nini yeye?"

"Basi muulize wewe," Mama Zuleikha akasema, na wote wawili wakanigeukia.

Nilikuwa na hamri mkononi. Shangazi akanisogelea. "Sema. Kwa nini unauliza nani amechinja?" Mama Zuleikha alikuwa ananitazama kwa namna ambayo hakuna aliyenitazama tangu mvua ile ya Werugha, akinisubiri nimtetee. Nikafungua mdomo. Nikaona kofia nyeupe, mkono shingoni, amina yangu. Nikafunga mdomo. Siku hiyo mahamri yalirudi na beseni, hayakuletwa tena, na wateja walilalamika wiki nzima.

Shangazi akatuma salamu kwa dereva wa lori la kabichi: mwambie ndugu yangu ashuke, mtoto hali nyama na mambo yameharibika. Nilipolisikia hilo sikuogopa. Nilifurahi. Baba anakuja kuhusu nyama! Basi nilikuwa nimejumlisha sawasawa. Nilifukuzwa kwa kukataa nyama, kwa hiyo nikila, nitarudi nyumbani. Usiniulize habari za Sista. Sista alikuwa amekufa, na mimi nilitaka kwenda kwetu, nikakae karibu na moto nivizie maziwa ya ng'ombe yeyote. Nilikunja nguo zangu zote kwenye mfuko wa plastiki, nikauficha chini ya benchi la mwisho.

Alifika mchana wa Jumamosi, amekonda, amevaa koti la Werugha kwenye joto la Voi. Alinishika kichwa, akakaa mbele yangu. Shangazi akatuletea sahani mbili za ugali na nyama. Baba akaisukuma yake pembeni kidogo, akatoa kile kikombe cha kijani kutoka mfukoni mwa koti. Niliona aibu, Fundi Wafula alikuwa anatazama.

"Mimi chai inanitosha," baba akasema.

Shangazi akamjazia. Baba akashika kikombe kwa mikono miwili, asinywe, akanitazama mimi na sahani yangu. Aliuliza taratibu, "Wanasema huli nyama."

"Nakula," nikasema.

Nikala. Sikuuliza nani amechinja. Nilikamata mnofu wa kwanza nikautafuna huku namtazama usoni ili aone vizuri, nikaumeza, nikachukua wa pili. Kila mnofu niliusukumia tonge la ugali. Nilimaliza sahani nzima, nikalamba vidole, nikatabasamu. Nilidhani atatabasamu. Aliinamisha uso akanywa chai yake yote kwa mkupuo, ikiwa moto.

"Umeshiba?"

"Nimeshiba, baba."

"Vizuri," akasema. "Vizuri sana."

Akasimama, akaenda nje na Shangazi. Niliwaona wakizungumza karibu na reli, baba akipangusa kikombe kwa pindo la koti, akipangusa tu ingawa kilikuwa kimekauka. Nikavuta mfuko wangu kutoka chini ya benchi nikaukumbatia. Kisha nikamwona anavuka barabara kwenda kwenye magari ya Wundanyi, ya kupanda kwetu, peke yake. Hakugeuka. Shangazi alirudi, akauona mfuko, akanipokonya na kuurudisha nyumbani. Nilitapika nyuma ya hoteli. Nilikaa Voi hadi nilipomaliza shule ya msingi na ya upili, na baba alikuwa akishuka kila mwisho wa mwezi, akitoa kikombe chake, akinywa chai, akiniuliza kama nimeshiba, akiondoka. Nilimjibu kwa heshima kama mtu anayejibu karani. Kwa upande wa Mama Zuleikha, alipita mlangoni wiki iliyofuata, akaniona mwenyewe nikila nyama ya hoteli. Hakukasirika. Aliitikia shikamoo yangu miaka yote, lakini ile "mwanangu" hakuirudia.

Nyama nimekula tangu siku hiyo. Nimekula kwenye harusi, kwenye ofisi, kwenye nyumba za wakwe, na nikizoea kitu huwa nakizoea kabisa.

Tulipomzika baba mwaka huu tulichinja, kama ilivyo desturi, na kijana wa Kiislamu akaja kutoka Voi asubuhi kufanya kazi hiyo. Nililetewa sahani. Shangazi Mshai, mzee sasa, miguu imevimba, alikuwa ameketi karibu nami kwenye turubai, na kwa kutaka kumchangamsha nikamuuliza, "Shangazi, nani amechinja?"

Alicheka hadi akakohoa. Kisha akafuta macho, na hakuacha kuyafuta.

"Babako angecheka," akasema. "Yeye hakutia nyama mdomoni tangu matanga ya mamako. Ulijua?"

Sikujua.

"Alishika ile kamba mwenyewe. Aliniambia yule ng'ombe alimfuata kama anapelekwa malishoni. Akaapa hatakula nyama tena, na wala hakumwambia mtu, ataonekanaje, mwanamume mzima analilia ng'ombe?" Akanyoosha miguu yake. "Siku ile alikuja kukuchukua. Nilipomtumia salamu kwamba huli nyama, alifika akiwa ameshaamua. Alisema, huyo mtoto ana lile lile nililonalo mimi, hawezi kukaa huko peke yake nalo, narudi naye nyumbani, wazee waseme watakavyo. Hata kitanda alikuwa amekutengenezea."

Nilisikia vijiko vya watu kwenye sahani.

"Halafu ukala," Shangazi akasema. "Ulikula mnofu baada ya mnofu, unacheka. Tulipotoka nje akaniambia, dada, mtoto amesahau, amepona, mimi ni nani wa kumrudisha kwenye msiba? Mwache. Nami nilikuwa nimeuona mfuko wako tangu asubuhi, mama. Niliuona chini ya benchi. Nikanyamaza. Nilikuwa nimekuzoea."

Nililia, mtu mzima na watoto wangu wananitazama, nililia kama nilivyopaswa kulia kwenye ile hoteli. Shangazi alinishika mkono wala hakuniomba msamaha, na sidhani ningeweza kumpa wakati huo. Msichana aliyekuwa akigawa chakula alipita, akaona sahani yangu haijaguswa, akauliza kama aniongezee mchuzi, au nyama haijaiva.

"Imeiva," nikasema, nikamrudishia sahani. "Nipe chai. Mimi chai inanitosha."